Wasee wa Denmark Waliotikisa Dunia: Kuanzia Karen Blixen, Mzae wa Lego, Hadi Kipketer wa Iten

Ukipanda mathree ya namba 24 kutoka tao na ushukie Karen, jina la mwanamke mmoja litakufuata kila kona. Liko kwa bango la makumbusho, liko kwa barabara, na mtaa wenyewe ndio huo. Wengi wetu tunajua Karen kama mahali mabwenyenye wanafuga farasi na ua la nyumba moja ni kubwa kuliko plot yenu nzima. Lakini uliza msee yeyote pale stage huyo Karen alikuwa nani. Atakujibu, "Ah, mzungu fulani wa kitambo."

Mzungu huyo alitoka Denmark. Sasa, Denmark ni nchi ndogo manze. Watu wao wote ni kama milioni 6, na Nairobi pekee ilihesabiwa watu milioni 4.4 kwa sensa ya 2019. Ardhi yao ni kilomita mraba kama 43,000, yaani Kenya inaweza kuimeza mara 13 na bado ibaki na njaa. Lakini ukianza kuhesabu watu wao ambao dunia nzima inawajua, unachoka.

Nimekukusanyia baadhi yao hapa. Na nikuambie mapema, sitakupea ile orodha ya kawaida ya "alizaliwa mwaka fulani, akashinda tuzo fulani". Kitu nilishtukia nikiwasoma ni kwamba wengi wao walifika mahali wakaambiwa hapana, ama kila kitu kikachomeka, kabla dunia iwajue. Na wengine kuchomeka ni kuchomeka kweli, na moto. Hapo ndipo nitakaa sana. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, so mnielewe.

Karen Blixen: alikuja kulima kahawa, akarudi kwao amesota

Huyu alizaliwa 1885 huko Rungsted, kaskazini mwa Copenhagen. Januari 1914 alishuka kwa meli Mombasa na akafunga ndoa hapo hapo na Bror von Blixen, Mswidi mwenye cheo cha baroni, ambaye pia alikuwa ndugu yake wa mbali. Wakaja Nairobi, wakashika shamba chini ya vilima vya Ngong. Shamba lilifika ekari kama 6,000, na kahawa ikachukua kama 600.

Ndoa haikuenda fiti. Mwaka haujaisha vizuri, Karen akagundua ana kaswende, na moshene yote ya enzi hizo ilielekeza kidole kwa bwanake. Walitalikiana 1925. Akabaki na shamba, na penzi la Denys Finch Hatton, Muingereza mwindaji aliyekuwa akija na kwenda venye alitaka. Kwa lugha ya siku hizi, alikuwa anamuweka kwa situation isiyo na jina.

Shida ni kwamba pale Ngong ni juu sana kwa kahawa. Mvua ikikosa, kahawa inanyauka. Bei ikianguka, benki inapiga simu. 1931 vyote vilimwangukia kwa mpigo. Shamba likauzwa, na Mei mwaka huo huo ndege ya Denys ikaanguka Voi, akafa. Akamzika huko Ngong Hills, akafunga mizigo, akarudi kwa mamake Denmark akiwa na miaka 46. Hana bwana, hana shamba, hana doo, na mwili mgonjwa.

Ndipo akaanza kuandika, manze. Kitabu chake cha kwanza kikubwa kilitoka Marekani 1934 chini ya jina la kiume, Isak Dinesen. 1937 akatoa Out of Africa, kumbukumbu za shamba la Ngong. Ernest Hemingway aliposhinda Nobel 1954, alisema hadharani angefurahi zaidi kama ingemwendea huyu mama. 1985 Hollywood wakafanya filamu ya kitabu hicho, Meryl Streep na Robert Redford wakiwa ndani, na ikabeba Oscar 7. Denmark nao waliiweka sura yake kwa noti ya kroner 50.

Sasa, kuna upande ambao filamu haikukuambia vizuri. Hilo shamba lilikuwa na wenyewe. Wakikuyu waliokuwa wakiishi pale waliitwa maskwota kwa ardhi ambayo wazazi wao walikuwa wakilisha mbuzi, na walilazimika kumfanyia mwenye shamba kazi siku kadhaa kila mwaka ndio waruhusiwe kukaa. Ngũgĩ wa Thiong'o alimchambua Blixen bila huruma. Aliona kwamba kwa maandishi yake Mwafrika anapendwa venye mtu hupenda mnyama wake wa nyumbani. Ukisoma kurasa fulani, huwezi kumbishia Ngũgĩ.

Lakini pia ni ukweli kwamba akiwa anaondoka, Blixen alizunguka ofisi za serikali ya mkoloni akiomba wale watu wake wapewe mahali pamoja, wasitawanywe. Wakapewa sehemu huko Dagoretti. Wewe pima mwenyewe. Mimi nilisoma kitabu nikampenda na kumkasirikia kwa ukurasa mmoja.

Na msisahau Kamante Gatura, mpishi wake. Alikuja kwake akiwa mtoi mwenye vidonda mguuni, akatibiwa, akaishia kuwa mpishi ambaye wageni wazito walimsifu. Kamante aliishi kuona stori zake mwenyewe zikitoka kwa kitabu 1975. Nyumba ile ya mawe nayo ilinunuliwa na serikali ya Denmark, ikapewa Kenya kama zawadi ya uhuru, na makumbusho yakafunguliwa 1986, filamu ikiwa bado moto.

Hans Christian Andersen: mtoto wa fundi viatu

Kama ulisoma hadithi ya kifaranga cha bata kibaya kilichogeuka kuwa bata maji mrembo, ama ile ya mfalme aliyetembea uchi watu wakimsifu ati nguo kali, basi unamjua huyu msee bila kujijua.

Alizaliwa 1805 mji wa Odense. Mzae wake alikuwa fundi viatu, mathe alikuwa anafulia watu nguo. Mzae akafa Hans akiwa na miaka 11. Akiwa na 14 akahepa kwenda Copenhagen peke yake, na ndoto moja tu, kuingia jukwaani. Alikuwa na sauti tamu, wakamkubali kuimba, halafu balehe ikampiga na sauti ikavunjika. Densi nayo ikakataa. Alikuwa mrefu, mwembamba, pua kubwa, na mjini walimcheka.

Mmoja wa wakubwa wa jumba la maigizo, Jonas Collin, akamwona na akatafuta pesa za serikali za kumrudisha shule. Wazia uko kijana mkubwa, umekaa dawati moja na watoto wadogo, na mwalimu mkuu anakuambia kila siku wewe ni bure. Andersen baadaye alisema hiyo ilikuwa miaka michungu zaidi ya maisha yake. Ukijua hilo, ile hadithi ya bata inasomeka tofauti kabisa.

Hadithi zake za kwanza za watoto zilitoka 1835. Ile ya nguva mdogo ilitoka 1837, na ndiyo Disney walifanya The Little Mermaid 1989 na tena 2023 wakiwa na Halle Bailey. Lakini ya Andersen hakuna harusi buda. Mkuu wa nchi anaoa dem mwingine na nguva anageuka povu la bahari kabla roho yake ibebwe na hewa. Hadithi yake nyingine, ya Malkia wa Theluji ya 1844, ndiyo iliwapa Disney wazo la Frozen.

Kuna stori moja inanichekesha. 1857 alienda Uingereza kumtembelea Charles Dickens, akakaa wiki tano. Familia ya Dickens ilichoka naye hadi basi, na alipoenda Dickens akaacha kikaratasi kwa chumba cha wageni akilalamika kwamba zile wiki tano zilihisi kama karne. Yule mgeni wa ocha anakuja "siku mbili tu" na anakula mkate wote? Ndiye huyo. Pia alisafiri na kamba kwa mzigo, ili hoteli ikishika moto ajishushe dirishani. Hakuwahi kuoa. Alifariki 1875, na leo sanamu ya nguva wake imekaa kwa jiwe bandarini Copenhagen tangu 1913 ikipigwa picha na watalii kila siku.

Ole Kirk Christiansen: fundi wa mbao aliyechomekewa mara nyingi

Lego. Ndiyo, zile plastiki ukizikanyaga usiku unaona nyota.

Ole Kirk alikuwa seremala wa kijiji kinachoitwa Billund. 1924 wanawe wakicheza na moto walichoma karakana na nyumba. Akajenga upya. Kisha uchumi wa dunia ukaanguka, watu wakaacha kujenga, na 1932 bibi yake akafa, akamwachia wavulana wanne. Mwaka huo huo, kazi ya kujenga ikiwa imekauka, akaanza kuchonga vitu vidogo vya kuuzika: ngazi, meza za kupigia pasi, na wanasesere wa mbao. Ni hizo za watoto ziliomoka. 1934 akaipa biashara jina Lego, kutoka maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya "cheza vizuri".

1942 kiwanda kikachomeka tena, michoro yote ikaenda na moto. Akaanza upya. 1946 akanunua mashine ya kumimina plastiki kwa bei iliyofanya watu wamshuku akili. Lile tofali tunalijua sahii lilisajiliwa 28 Januari 1958, na Machi mwaka huo huo mzee akafariki. Hakuona venye lilienda. Ukipata tofali la 1958 kwa sanduku la shosho yake mtu, bado litashikana na la leo.

Kuna stori ya kijana wake Godtfred ambayo kila fundi wa mjengo hapa kwetu anafaa kuisikia. Siku moja alimwambia babake kwa furaha kwamba ameokolea kampuni pesa: bata za mbao amezipaka vanishi mara mbili badala ya tatu. Mzee hakucheka. Alimrudisha stesheni ya treni achukue masanduku yote na azipake mara ya tatu, peke yake, hata kama ni usiku kucha.

Na kama unapenda hesabu: matofali sita tu ya rangi moja, yale ya vidoti vinane, unaweza kuyaunganisha kwa njia zaidi ya milioni 915.

Jørn Utzon: alijenga nyumba asiyoiona

Ile Opera House ya Sydney, zile paa za kama matanga ya mashua, ni ya Mdenmark. Utzon alishinda shindano la wasanifu 1957 dhidi ya michoro mingine zaidi ya 200. Kabla ya hapo hakuwa na jina lolote kubwa.

Shida ni kwamba michoro ilikuwa mizuri kuliko hesabu za wakati huo. Wahandisi walihangaika miaka kujua paa hizo zitasimama vipi, hadi ikapatikana njia ya kuzikata zote kutoka kwa umbo la mpira mmoja. Gharama ikapanda, serikali mpya ikaingia, waziri akaanza kumnyima malipo. Februari 1966 Utzon akajiuzulu, akachukua familia, akaenda zake.

Jengo lilifunguliwa 1973 na Malkia Elizabeth wa Pili, likiwa limekula dola milioni 102 za Australia badala ya 7 zilizopangwa. Kwa hotuba ya siku hiyo jina la Utzon halikutajwa. 2003 akapewa Pritzker, ile tuzo wasanifu huona kama Nobel yao. 2007 UNESCO wakaliweka jengo kwa orodha ya urithi wa dunia yeye akiwa bado hai. Alikufa 2008, na kwa hiyo miaka yote 42 hakurudi Australia hata mara moja. Hakuwahi kuingia ndani ya jengo lililokamilika.

Kabla useme Ozempic, sema Marie Krogh

Kila celeb akipungua kilo siku hizi, wasee kwa komenti wanasema Ozempic. Dawa hiyo inatengenezwa na Novo Nordisk, kampuni ya Denmark, na mwanzo wake ni stori ya mapenzi na ugonjwa.

August Krogh alishinda Nobel ya tiba 1920. Bibi yake Marie alikuwa daktari na mwanasayansi mwenyewe, na alikuwa na kisukari. 1922 wakiwa ziarani Marekani wakasikia kwamba huko Toronto, Kanada, kuna watu wamegundua insulini. Marie ndiye alimsukuma bwanake waende. Wakapata ruhusa ya kuitengeneza Ulaya kaskazini, na 1923 maabara yao ikaanza. Kabla ya hapo, mtoto akipata kisukari ilikuwa ni kuhesabu miezi. Maabara hiyo ndiyo mmoja wa mababu wa Novo Nordisk ya leo, ambayo 2023 ilikuwa kwa muda kampuni yenye thamani kubwa zaidi Ulaya.

Wanasayansi wengine nitawapitia haraka, ingawa si haki. Tycho Brahe alipima nyota kwa macho tu kabla darubini iwepo, na alikatwa pua kwa pigano la panga 1566 akavaa ya chuma. Ole Rømer alionyesha 1676 kwamba mwanga una mwendo wake. Hans Christian Ørsted aliona 1820 kwamba umeme unasukuma sindano ya dira. Ile pH mlisoma kwa kemia ilibuniwa 1909 na Søren Sørensen akiwa maabara ya Carlsberg, ndiyo, wale wa bia. Inge Lehmann naye alitangaza 1936 kwamba katikati ya dunia kuna kiini cha ndani, alichokipata kwa kusoma tu mitetemeko ya ardhi. Aliishi miaka 104.

Niels Bohr lazima nisimame kidogo. Alishinda Nobel ya fizikia 1922 kwa kueleza atomu imekaa vipi, na mtoto wake Aage akashinda yake 1975. Lakini pia alikuwa golikipa, na ndugu yake Harald alibeba fedha ya kandanda Olimpiki ya 1908. Mamake Bohr alikuwa Myahudi, na 1943 Wanazi wakiwa wameshika Denmark ilibidi atoroke kwa mashua usiku hadi Sweden. Kutoka huko akabebwa Uingereza ndani ya ndege ndogo ya kivita, amelala mahali pa mabomu. Kichwa chake kilikuwa kikubwa, vipokea sauti havikumtoshea, hakusikia rubani akimwambia awashe oksijeni. Akazimia. Rubani akashusha ndege chini, na aliyefikiriwa amekufa akaamka ati amelala vizuri.

Mimi na Bjarne tuna kesi

C++ ilibuniwa na Bjarne Stroustrup, mzaliwa wa Aarhus, aliyeanza kuitengeneza 1979 akiwa Bell Labs Marekani. Michezo ya kompyuta, vivinjari, programu za benki, nyingi zimesimama juu yake. Hiyo yuniti niliianguka mara mbili, na mara ya pili ndio ilikuwa pia semesta ya mwisho nilionekana chuoni, kwa sababu pesa ya kurudia mtihani na pesa ya kodi zilikuwa ni pesa moja. So nikisema huyu mtu ni maarufu, nasema na uchungu.

Rasmus Lerdorf namsamehe. Alizaliwa Greenland, ambayo iko chini ya Denmark, akahamia Kanada. Alitaka tu kujua nani anasoma CV yake aliyoiweka mtandaoni, akaandika programu ndogo za kuhesabu. Zikakua, akaziachilia kwa umma 1995, ndiyo PHP. Facebook ilianza kwa PHP. WordPress ni PHP.

Skrini na spika

Hapa nakimbia kwa sababu hawa mnawajua. Mads Mikkelsen alikuwa mnenguaji wa kulipwa karibu miaka kumi kabla aingie uigizaji. Ndiye yule jamaa wa jicho linalotoa damu kwa Casino Royale ya 2006. Ndiye pia anadensi mwisho wa filamu yao Another Round. Hiyo filamu ilishinda Oscar 2021. Mwelekezi wake Thomas Vinterberg alifiwa na binti yake kwa ajali ya barabara siku chache baada ya kuanza kuirekodi, na akaimaliza kwa heshima yake. Nikolaj Coster-Waldau ni Jaime Lannister wa Game of Thrones, na Connie Nielsen ni mamake Wonder Woman.

Kwa muziki, Lars Ulrich alihamia Marekani akitaka kuwa mcheza tenisi kama babake. Tenisi ikakataa, 1981 akaanzisha Metallica. Aqua, kundi la Denmark na mwimbaji wao wa kike Mnorway, walitoa Barbie Girl 1997, wenye Barbie wakawashtaki, na mahakama ikatupa kesi 2002. MØ ndiye sauti ya Lean On. Lukas Graham wa 7 Years alikulia Christiania, ule mtaa wa Copenhagen uliojitangazia sheria zake.

Mpira: kombe la wasee walioitwa dakika ya mwisho

Denmark hawakufuzu Euro 1992. Yugoslavia ndio walifuzu, lakini vita vikawafungia nje na Denmark wakaitwa zikiwa zimebaki siku kama kumi tu. Kocha Richard Møller Nielsen alisema alikuwa anapanga kutengeneza jikoni yake. Nusu fainali Peter Schmeichel akapangua penalti ya Marco van Basten, na fainali wakawachapa Ujerumani 2-0. Bao la pili lilikuwa la Kim Vilfort, aliyekuwa akitoka kambini kwenda kumwona binti yake aliyelazwa na saratani ya damu. Bao la kwanza lilikuwa la John Jensen. Arsenal wakamsajili wakidhani ni mfungaji, na akawapa bao moja tu kwa miaka yote. Gooners, hii msiba yenu ni ya zamani.

12 Juni 2021 Christian Eriksen alianguka uwanjani Copenhagen, moyo ukasimama, wenzake wakamzunguka wakiwa wamempa mgongo ili kamera zisimwone. Aliwekewa kifaa kifuani. Sheria za Italia zikamzuia kucheza nacho, Inter wakaachana naye. Januari 2022 Brentford wakamchukua, na miezi sita baadaye Manchester United.

Wilson Kipketer: wetu, wao

Nimemweka mwisho kwa sababu huyu ananiuma.

Alizaliwa 1972 Kapchemoiywo, akasoma St Patrick's Iten, akanolewa na Brother Colm O'Connell kama mabingwa wengine kibao. 1990 alienda Denmark kama mwanafunzi wa kubadilishana, akasomea mambo ya elektroniki, akapenda pale, akaamua atakimbilia pale. Hakununuliwa, kama wale walioenda Ghuba baadaye kwa mkoba wa dola.

1995 alishinda dunia mita 800 akiwa na jezi ya Denmark, kwa sababu sheria za riadha ziliruhusu mkazi. Olimpiki inataka uraia, na uraia wa Denmark haujakamilika. Kwa hiyo Atlanta 1996, msee aliyekuwa na kasi kuliko wote duniani alikaa nje. Vebjørn Rodal wa Norway akachukua dhahabu kwa 1:42.58. Mwezi mmoja baadaye, huko Rieti, Kipketer akakimbia 1:41.83.

Mwaka uliofuata alikimbia kama mtu mwenye deni. Machi, Paris, rekodi ya dunia ya ukumbini, 1:42.67, iliyokaa zaidi ya miaka 25. Julai, Stockholm, akalingana na rekodi ya Sebastian Coe ya 1:41.73 iliyokuwa imekaa tangu 1981. Agosti, Zürich, 1:41.24. Siku 11 baadaye, Cologne, 1:41.11. Akabeba pia ubingwa wa dunia 1997 na 1999.

1998 malaria ilimpiga vibaya na mwaka ukapotea. Sydney 2000, Olimpiki yake ya kwanza akiwa na karatasi zote, alipitwa na Nils Schumann wa Ujerumani kwa sekunde 0.06. Athens 2004 akapata shaba. Dhahabu ya Olimpiki haikuja.

Rekodi yake ilikaa miaka 13 chini ya bendera ya Denmark. Agosti 2010, Berlin, kijana mwingine wa St Patrick's Iten, mwanafunzi wa Brother Colm yule yule, akaikata kwa sekunde 0.02. Huyo ni David Rudisha. Baada ya wiki moja akaishusha tena, na London 2012 akaifikisha 1:40.91.

Na 22 Agosti 2024, Lausanne, Emmanuel Wanyonyi alivuka mstari, saa ikasimama 1:41.11. Ile ile ya Cologne. Sahii kwa orodha ya wakimbiaji wenye kasi zaidi katika historia ya mita 800, chini ya Rudisha, kuna majina mawili kwa nafasi moja, na mbele ya moja kuna bendera ya Kenya, mbele ya lingine ya Denmark.